Mpangaji kahama kaacha nyumba imeharibika: mwongozo kamili kwa wenye nyumba wa Mbeya, Iringa na Njombe, kuanzia siku unayofungua mlango

Nilifungua nyumba yangu ya Uyole Jumamosi asubuhi, mpangaji alikuwa ameshahama tangu Alhamisi usiku, funguo kaziacha dukani kwa jirani. Jikoni kwenye tailizi nyeupe kulikuwa na duara jeusi, saizi ya kitako cha jiko la mkaa kabisa, na kuanzia hapo tailizi tatu zimepasuka. Juu yake dari ya jipsamu imekuwa rangi ya chai ya maziwa mpaka karibu na dirisha. Kitasa cha chumba kikubwa hakipo, limebaki tundu. Chooni flashi haivuti na maji yanatuama. Nikashika simu nimpigie nimwambie yote yaliyonijaa kifuani, ikawa haipatikani, na mpaka leo nashukuru haikupatikana.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu huku wenye nyumba za kupangisha sio matajiri. Ni mwalimu mstaafu kajenga kwa kiinua mgongo, ni mama aliyeuza viazi na mpunga miaka kumi na tano akaongeza tofali mojamoja, ni kijana kajenga vyumba vinne karibu na chuo Iyunga ili apate hela ya kusomesha wadogo zake. Nyumba ikiharibiwa ya laki tatu, hiyo laki tatu inatoka kwenye ada ya mtoto. Ndio maana tunakasirika sana, halafu hasira inatufanya tukosee hatua, mwisho hela hatupati na nyumba inakaa miezi miwili tupu.

Nimejifunza kwamba mpangaji utamdai vizuri kwa kile tu unachoweza kuonyesha kwamba hakikuletwa na muda, wala na baridi na mvua za huku kwetu, wala na fundi wako mwenyewe. Ukiweza kuvitenganisha hivyo vitu, hata mpangaji mgumu anakaa mezani. Ukichanganya vyote ukampa bili moja ya kutisha, atakataa yote, na hata mbele ya baraza utayumba.

HATUA YA KWANZA: USIFAGIE, USIGUSE

Siku hiyo ya kwanza kazi yako ni kuangalia na kurekodi tu. Usimwite binti aje kudeki, usitoe takataka, usimwambie fundi aanze kubandua. Watu wengi wanaanza usafi halafu wiki ya pili ndio wanakumbuka picha, na ushahidi umeshaenda na ndoo ya maji.

Kama mpangaji kahama kwa kuaga na mmekubaliana siku, mpitie nyumba pamoja naye chumba kwa chumba, hiyo ndio njia bora kuliko zote. Kama kahama usiku kimyakimya au kafunga na kufuli lake, usivunje peke yako. Mwite mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, na jirani mmoja, fungueni pamoja, muandike tarehe na saa na mliyoyakuta, wote mtie saini. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuna mama mmoja namfahamu alivunja kufuli akiwa na fundi tu, mpangaji akarudi baada ya siku nne anadai ndani kulikuwa na redio na magodoro mawili na laki mbili kwenye begi. Mama wa watu akageuka kuwa mdaiwa.

Akiwa ameacha vyombo, viorodheshwe hapohapo mbele ya mashahidi, vipigwe picha, viwekwe sehemu ya kufungwa. Usiviuze, usivigawe, usiseme nitavishika mpaka anilipe. Hujui atarudi na maneno gani, na kushika mali ya mtu kwa nguvu zako bila amri ya chombo cha sheria kunakuweka wewe kwenye kosa.

Picha zina namna yake. Piga kwanza chumba kizima ukiwa umesimama mlangoni, halafu kaa karibu na sehemu iliyoharibika, halafu karibu zaidi ukiwa umeweka kitu cha kupimia, mimi huweka futi ya fundi au hata kalamu. Picha ya karibu peke yake ya ufa haimwambii mtu chochote, ufa wa wapi? wa nyumba gani? Piga na video moja ya kutembea nyumba nzima bila kukata, ongea humo ndani, taja tarehe, fungua koki ionekane kama maji yanatoka, bonyeza swichi, vuta flashi, fungua na kufunga kila mlango. Ukimaliza jitumie mwenyewe kwenye WhatsApp au mtumie ndugu yako, ili tarehe ibaki na picha zisipotee hata simu ikipotea. Ujumbe na picha za simu zinakubalika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo, kwa hiyo usifute meseji zozote ulizowahi kuandikiana na mpangaji, hata zile za "mama naomba unisubiri tarehe tano".

HATUA YA PILI: TENGANISHA, HAPA NDIO PENYE KAZI

Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo inayosimamia upangaji wetu, na inamtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoikuta isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Maneno machache hayo lakini ugomvi wote uko ndani yake.

Chukua daftari, gawa kurasa sehemu tatu: muda, nyumba, mpangaji. Halafu kila kasoro uiulize ni ya nani.

Za muda ni rahisi. Rangi imefifia, sakafu ya saruji imepoteza ung'avu pale watu wanapopita, bawaba zinalia, raba ya flashi imeisha ndio maana maji hayashiki, pazia limeacha alama ukutani. Hizo ni zako. Mtu kakulipa kodi miaka mitatu, alikuwa analipia na hiyo.

Za nyumba ndizo zinazotupotosha sana wenye nyumba wa huku, kwa sababu hali yetu ya hewa inaharibu nyumba halafu tunamlaumu mpangaji. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku ni baridi ya kutetemeka, watu wanafunga madirisha wanapika ndani, na kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei mvua inapiga. Tukuyu ndio usiseme. Kwa hiyo unyevu upo, na unatoka sehemu tatu tofauti, jifunze kuzitofautisha kwa macho.

Unyevu unaopanda kutoka chini unaanzia sakafuni, rangi inabanduka kama maganda, kunatoka unga mweupe wa chumvi, na mara nyingi unaishia kama usawa wa kiuno. Huo ni msingi. Nyumba zetu nyingi za tofali za kuchoma zilijengwa bila kuwekewa nailoni juu ya msingi, maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi. Mpangaji hana hatia hapo hata kidogo, na ukipaka rangi juu yake bila kushughulikia maji ya nje, msimu ujao inabanduka tena.

Unyevu wa juu unaacha doa la kahawia lenye ukingo kama ramani kwenye dari, unakua kila mvua ikinyesha. Hiyo ni bati, msumari umelegea au kofia ya paa imeachia. Nayo ni yako, ila hapa uliza swali moja, je alikuambia? Kama alikutumia meseji mwezi wa kumi na mbili na wewe ukanyamaza, na dari ya jipsamu ikaanguka Machi, hiyo dari ni yako yote.

Unyevu wa tatu ni ule wa ndani. Mvuke wa kupikia na pumzi za watu unagonga ukuta wa baridi unageuka matone, fangasi weusi wanaota kwenye kona za juu, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda kilichobanwa ukutani. Huu una pande mbili. Kama nyumba yako ina matundu ya hewa na madirisha yanafunguka na yeye kaziba matundu kwa magazeti na maboksi, ana sehemu yake. Kama chumba kina kidirisha kimoja hakifunguki vizuri, usimwambie kitu, rekebisha dirisha.

Na nyufa pia. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha au mlango ni wa linta (boriti ya juu ya dirisha na mlango) au msingi kutulia. Huku tuko kwenye bonde la ufa, vitetemeko vidogo vinapita, nyumba zinacheza. Mpangaji hapasui ukuta kwa mshazari. Anautoboa kwa misumari, anaubamiza kwa mlango usio na stopa, anabandua plasta akitoa stika na gundi, hizo utazijua.

Sasa za mpangaji. Jiko la mkaa juu ya tailizi, hii ndio kubwa ya huku kwetu, kila nyumba niliyosikia Mwanjelwa, Sae, Ilomba, Kihesa ya Iringa mpaka Njombe, kwa sababu baridi inawafanya watu waingize jiko ndani kupasha chumba moto. Joto linapiga sehemu moja ghafla, tailizi inapasuka, masizi yanapanda darini. (Na tukiachana na tailizi, mwambie kila mpangaji wako: mkaa ukiwaka ndani pamefungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki. Mimi siku hizi naliweka kwenye mkataba kwa ajili ya uhai wao kwanza.) Lakini hata kwenye tailizi kuwa mkweli: gonga na sarafu zile za pembeni ambazo hazikupigwa na jiko. Zikilia tupu kama debe, basi fundi wako alipaka gundi madonge madonge chini, zilikuwa zinasubiri tu, na hilo gawaneni.

Nyingine za mpangaji: vitasa kung'olewa, vioo, nyavu za mbu kukatwa, koki kuondoka nazo, soketi kuungua kwa sababu ya kuchemshia maji ya kuoga kwa hita ya koili kila asubuhi huku pasi na jiko la umeme viko kwenye ekstensheni ileile, sinki kuziba mafuta na wali, chemba kuziba pampasi na pedi, kuchora ukutani, kubadilisha rangi bila ruhusa, kupiga msumari kwenye bomba la maji.

HATUA YA TATU: BEI YENYE MAELEZO

Usiandike namba kutoka kichwani. Ita fundi wa kila kitu, au fundi wawili kama kazi ni kubwa, wakupe makadirio kwenye karatasi, vifaa mbali na ufundi mbali, namba ya simu na saini. Bei za vifaa nenda mwenyewe dukani uchukue karatasi ya bei.

Halafu kwenye kila kitu uliza kilikuwa na umri gani na kingeishi muda gani. Nikuonyeshe kwa ile nyumba yangu, kodi ilikuwa 150,000 kwa mwezi na mpangaji alikaa miaka mitatu. Kupaka rangi ndani na ufundi ilikuwa 160,000. Rangi hiyo mimi naihesabia miaka minne, yeye katumia mitatu, imebaki mmoja, kwa hiyo kwa kuta alizozichafua namdai 40,000 basi. Tailizi tatu na ufundi 55,000, tailizi zilikuwa na miaka mingi mbele yake, zote zake. Kitasa niliweka kipya siku anaingia, 35,000, chote chake. Dari: kuosha masizi na kupaka andakoti (rangi ya kwanza ya chini) 45,000, yote yake, kwa sababu bila lile jiko ningepaka rangi ya kawaida tu bila kupitia hiyo kazi. Kuzibua chemba 30,000, fundi alitoa pampasi pale nikiangalia na picha nikapiga. Flashi 28,000 nikaibeba mimi, raba ilikuwa imezeeka.

Jumla yake 205,000. Ningehesabu kwa hasira, rangi yote 160,000 na flashi juu, ingefika 353,000, na nina hakika nisingepata hata nusu, maana mtu akiona kitu kimoja cha kuonewa kwenye bili anakataa bili nzima.

Hapohapo kagua na madeni yasiyoonekana. Bili ya maji inafuata mita, na mita ni jina lako, pita ofisi ya mamlaka ya maji uombe taarifa ya deni mpaka tarehe aliyotoka. Umeme wa LUKU hauna bili ya mwezi lakini angalia mita yenyewe: sili ipo? kuna waya umeunganishwa kupitia pembeni? Ukiona kitu cha ajabu usiguse, toa taarifa TANESCO wewe mwenyewe mapema, mita imesajiliwa kwako na wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 hiyo ni ya mwenye nyumba, usimuingizie kwenye deni. Ongeza hela ya taka na ulinzi wa mtaa kama mlikubaliana alipe yeye.

HATUA YA NNE: KUONGEA NAYE

Subiri mpaka una picha, makadirio na daftari mkononi. Siku mbili tatu zinatosha, usipitishe wiki mbili, mtu akishazoea maisha mapya deni la zamani linakuwa jepesi kwake.

Nilimtumia picha sita tu na ujumbe mfupi: "Habari za huko mwanangu. Nyumba nimeiona. Naomba tuonane Jumatano tuipitie pamoja, mjumbe atakuwepo." Sikutaja hela. Alikuja. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Hebu tuanzie jikoni."

Alipoliona lile duara akainama akaligusa kwa kidole, akakaa kimya. Halafu akasema, "Mama hii ni kweli, mtoto alikuwa mchanga, ile Julai ilikuwa baridi sana. Ila rangi ya ukutani si ilikuwa ya zamani?"

Nikamwonyesha daftari, 40,000 na sababu yake, na mstari wa flashi niliouandika jina langu mwenyewe. Pale ndipo alipolegea. Akaona kuna kitu nimebeba na mimi.

Kama ulichukua amana, na mimi sasa siingizi mtu bila amana ya mwezi mmoja, kata humo na umrudishie inayobaki siku hiyohiyo na karatasi. Mpangaji wangu alikuwa ameweka amana ya 150,000, deni likabaki 55,000, akalipa 30,000 palepale kwa simu na 25,000 mwisho wa mwezi. Muandikishiane hata kwenye karatasi ya daftari: nani anamdai nani, shilingi ngapi kwa namba na kwa maneno, ya kitu gani, atalipa tarehe zipi, saini zenu, na shahidi mmoja kila upande. Karatasi hiyo ni dhahabu, kwa sababu sasa una deni alilolikubali kwa mkono wake.

Wengine watakuomba watengeneze wenyewe kwa fundi wao. Kubali kwa vitu vidogo kama kitasa au kioo, weka siku ya mwisho, na kazi uikague kabla hujarudisha hela. Umeme na bomba za ndani ya ukuta usikubali.

Wanafunzi nao wana namna yao. Kama vyumba vyako viko karibu na vyuo kama MUST na TEKU vya hapa Mbeya, au Mkwawa kule Iringa, chumba kimoja wanakaa watatu na mkataba una jina la mmoja, wakimaliza mitihani kila mtu anaenda kwao. Kagua wiki mbili kabla ya chuo kufunga, wakiwa bado wapo, na pata namba ya mzazi au mlezi tangu siku ya kuingia. Mimi nilimpigia mzazi mmoja wa Songea nikamtumia picha kwa heshima, alituma hela ya kioo kesho yake na akaomba radhi.

HATUA YA TANO: AKIKATAA

Kwanza andika barua ya madai, iwe fupi, iambatanishe orodha na bei, umpe siku kumi na nne. Apokee kwa saini, au itume kwa WhatsApp na kopi ya karatasi kwa mjumbe wa alikohamia.

Pili, ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wanawaita wote, na asilimia kubwa ya hizi kesi ndogo kwa nilivyoona zinaishia hapo, watu wanaona aibu mbele ya viongozi wanaowajua. Omba yaliyokubalika yaandikwe.

Tatu, baraza la kata. Uelewe kwamba tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu tena. Likishindwa kuwapatanisha linathibitisha hivyo kwa maandishi, na kwa migogoro ya ardhi na nyumba hicho ndicho unachoenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata siku thelathini zikipita bila usuluhishi kukamilika unaweza kwenda mbele. Kama kinachobaki ni deni la hela tu ambalo alishalisainia, uliza mahakama ya mwanzo, makarani watakuelekeza fomu na ada. Kwa jambo gumu au la hela kubwa tafuta wakili hata kwa ushauri wa saa moja.

Mkataba wako utaangaliwa hapo. Mikataba ya upangaji inatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na ambao haujalipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Kwa nyumba ya 150,000 kwa mwezi kodi ya mwaka ni 1,800,000, ushuru 18,000. Hela ndogo sana kwa usalama huo.

Polisi ni kwa uharibifu wa makusudi, mtu kavunja vioo vyote siku ya kuhama kwa hasira, kang'oa nyaya, kaiba koki na mita. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai. Lakini jiko kupasua tailizi sio jinai, ni madai, ukienda nayo kituoni watakurudisha na utakuwa umeshamfanya mpangaji adui bure.

Na kitu ambacho usifanye hata ukiwa na haki ya mbinguni: kumfungia mlango mpangaji ambaye bado yumo, kung'oa mlango au bati ili atoke, kukata umeme, kumzuia kutoa vyombo vyake, kumpost mtandaoni na picha yake mwite mwizi. Ukifanya hivyo, daftari lako lote zuri linakuwa halina kazi, mtaongelea kosa lako.

HATUA YA SITA: MATENGENEZO, NA MPANGILIO WAKE

Anza na vinavyoua na vinavyovuja. Bati kwanza, halafu umeme, halafu mabomba na chemba, ndio uje dari, kuta, milango na mwisho sakafu. Nimeona watu wanapaka rangi halafu fundi umeme anakuja kuchimba ukuta.

Umeme mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, afungue kila soketi iliyobadilika rangi, nyuma yake mara nyingi waya umeungua na kukakamaa. Kubadilisha kifuniko tu ni kuficha moto ukutani.

Dari yenye masizi usipake emalshani (rangi ya maji) moja kwa moja, hata uipake mara nne lile doa la njano linarudi juu, rangi ya maji inaliyeyusha na kulivuta. Osha kwa maji kidogo na sabuni ya unga, sponji iliyokamuliwa, jipsamu haitaki kulowa. Ikauke kabisa, huku kwetu wakati wa baridi siku mbili. Halafu andakoti ya mafuta mkono mmoja au miwili, ndio emalshani juu.

Fangasi: maji ya jik, kipimo kimoja cha jik na vitatu vya maji, paka, acha kama robo saa, sugua, futa, acha pakauke madirisha wazi. Vaa glavu. Na usichanganye kamwe jik na dawa kali ya kusafishia choo, inatoa hewa inayochoma mapafu. Ukuta ukishakauka piga msasa, skimu, rangi. Kama ni unyevu wa kupanda, anza nje: chimba mfereji wa kutoa maji, shusha udongo uliopanda juu ya msingi, weka gata, bandua plasta iliyooza na uache ukuta upumue wiki kadhaa za jua kabla ya kupiga plasta mpya. Fanya hiyo kazi kuanzia Juni mpaka Oktoba, sio Februari.

Tailizi: fundi akate grauti (ile saruji ya kujazia katikati ya tailizi) kuzunguka kwanza, halafu avunje kuanzia katikati kuelekea nje, sio kuchokonoa pembeni, ataua na jirani zake. Gundi ya zamani ikwanguliwe mpaka chini, gundi mpya ijae sehemu yote, isikanyagwe siku nzima, ndio grauti. Kama hukubakiza boksi la akiba na rangi ile haipo tena sokoni Mwanjelwa, hamishia tailizi nzima za chini ya kabati kwenye sehemu inayoonekana, mpya za rangi tofauti ziende huko kwenye kujificha.

Vitasa vyote vya nje badilisha hata kama havijaharibika. Hujui funguo ngapi zilichongeshwa.

HATUA YA SABA: KABLA MWINGINE HAJAINGIA

Risiti zote ziweke kwenye bahasha moja na lile daftari. Mpangaji mpya akija, usimkabidhi funguo ukiwa umesimama barabarani na dalali ana haraka ya hela yake ya mwezi mmoja. Ingieni ndani mchana, umeme uwepo, maji yawepo. Andikeni chumba kwa chumba: kuta, dari, sakafu, milango, vitasa, soketi, taa, koki, vioo, nyavu, pamoja na kasoro zilizopo, andika na kaufa kadogo ka juu ya dirisha, yeye pia alindwe. Soma namba ya mita ya maji muiandike. Pigeni picha pamoja, umtumie zote kwenye WhatsApp hapohapo, na umwombe ajibu "nimepokea na ndivyo ilivyo".

Kwenye mkataba ongeza mistari ya vitu vya huku: jiko la mkaa halitumiki ndani, na kama unaweza mjengee kibanda kidogo nje chenye bati au umpe sehemu ya kuweka mtungi wa gesi, maana kumkataza mtu asiote moto Julai bila kumpa njia hakutekelezeki. Matundu ya hewa yasizibwe. Kuvuja au kuziba kwa chochote atoe taarifa ndani ya siku tatu, na wewe ufike ndani ya siku saba. Ukaguzi kila miezi mitatu mchana kwa taarifa ya siku mbili kabla. Amana inarudishwa ndani ya siku kumi na nne baada ya makabidhiano, ikikatwa ikatwe kwa orodha na risiti. Notisi ya kuhama mwezi mmoja, na siku ya kutoka mnapita wote na orodha ileile.

Mpangaji niliyenaye sasa pale Uyole ni dada muuguzi na mama yake. Orodha yao ina kurasa mbili, funguo nne zimeandikwa moja moja na chumba chake, na kwenye mstari wa jikoni tumeandika tailizi tatu za rangi tofauti kidogo, chini ya kabati, zilikuwepo.